Mpiga Chapa wa Bei ya Punguzo

Siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, mwenye ofisi ya kuchapa mikataba alikwenda dukani kununua programu ya kompyuta, na mpiga chapa wake akaenda naye ili abebe boksi. Duka lilikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kusuasua, kabati la vioo lililojaa nyaya, na kiti kimoja cha mteja. Bosi alikikalia. Mpiga chapa akasimama nyuma yake, mkoba kaushika kwa mikono miwili.

Dada huyu mpiga chapa aliitwa Chapu. Jina alipewa na wateja, kwa vile ukimpa karatasi yako iliyoandikwa kwa mkono na ukatoka nje kujibu simu, ukirudi unaikuta imechapwa, imepigwa stempu, na makosa yako yamesahihishwa bila kukuaibisha. Bosi wake naye alikuwa na jina ambalo hakulijua. Wateja walimwita Birika, kwa sababu ya mkono wake. Hata salamu, walisema, anakupa nusu, nusu nyingine anaiweka akiba.

Muuzaji akamweleza bosi mambo yalivyo. Programu endeshi, alisema, ndiyo inayoiamsha kompyuta. Bila hiyo mashine ni sanduku la bati tu. Inauzwa kwa bei mbili. Ukilipa bei kamili, programu ni yako, unahama nayo mashine hadi mashine mpaka uchoke. Ukitaka ya punguzo, bei inashuka chini ya nusu, lakini haiuzwi peke yake. Sharti inunuliwe pamoja na mashine mpya, au angalau na kifaa cha mashine, na ikishauzwa haitenganishwi na kifaa hicho. Wanakaa pamoja, wanahama pamoja, wanakufa pamoja. Kifaa kinabandikwa stika ya rangi ya fedha, na hiyo stika ndiyo leseni yenyewe.

Bosi alilitaka punguzo. Mashine mpya hakuitaka, ya zamani bado inawaka. Muuzaji akamwambia basi achukue hata kipanya. Bosi akasema kipanya anacho. Hata waya, akaambiwa. Waya anazo. Muuzaji, ambaye alikuwa ameshachoka naye, akasema lazima aandike kifaa fulani kwenye risiti, sharti ni sharti, na bosi ataje chochote kile kinachotumika na mashine.

Bosi akaelekeza kidole gumba nyuma ya bega lake, hakugeuka hata kutazama.

"Andika huyu," alisema. "Anatumika na mashine kutwa nzima."

Wanaume wawili wakacheka. Chapu naye akatabasamu kidogo, kwa adabu tu, na tabasamu hilo alikuja kulijutia kuliko jambo lolote alilowahi kufanya. Muuzaji akaandika, akabandua stika, akamwomba dada ainamishe kichwa, akaibandika nyuma ya shingo yake, pale nywele zinapoanzia, akaisugua kwa dole gumba mpaka ikashika. Ilikuwa ya baridi. Kisha akamkabidhi boksi abebe.

Fundi aliiweka programu siku hiyo hiyo. Mashine ilipouliza namba ya leseni, alimwomba Chapu asogee dirishani kwenye mwanga, akaisoma shingoni mwake, akaiandika. Skrini ikawaka vizuri. Fundi akasema kazi imekwisha na akaenda zake.

Saa ya kutoka ilipofika Chapu alifunika kibodi kwa kitambaa, akashuka ngazi, akamuaga mlinzi. Alipovuka geti alijikuta ameketi kwenye kiti chake cha ofisini, mkoba mapajani. Akadhani ni uchovu. Akashuka tena, akamuaga mlinzi tena, akavuka, akajikuta kitini. Mara ya tatu mlinzi hakumuaga. Alimwambia tu kwamba ameona wafanyakazi wengi wakishindwa kutoka katika ofisi hii, ila kwa kawaida inachukua miaka.

Basi akapanda ngazi, akakaa, akampigia simu mdogo wake.

Hapa lazima ijulikane kwamba Jumamosi ile alikuwa asafiri. Mama yao alikuwa kitandani katika mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi, na si wa kuinuka tena. Daktari alishasema wampe kila anachokitaka. Alichokitaka kilikuwa kimoja. Alitaka binti yake aje amsuke nywele, kwa sababu hataki kuzikwa kichwa kikiwa kichaka, na mwanawe wa kiume, ambaye ni mwashi, hajui kusuka ila kujenga. Chapu alikuwa ameomba likizo, akanyimwa, akaomba tena, akanyimwa, mwishowe akapewa siku chache kwa kunung'unikiwa kana kwamba ameomba figo ya mtu.

"Nimeuzwa na kompyuta," alimwambia mdogo wake. "Sitoki."

Mdogo wake akamuuliza kama amekula.

Asubuhi bosi alimkuta amelala juu ya maboksi ya karatasi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda kuiwasha mashine, akaona inafanya kazi, akasema hakuna lililoharibika, na tena sasa hatachelewa kufika. Kuhusu likizo alisema yeye hajamzuia mtu. Likizo amempa na geti liko wazi. Ulipofika mwisho wa mwezi alimkata posho ya nauli, kwa hoja kwamba asiyesafiri halipwi nauli, na alipoona Chapu anamtazama bila kupepesa macho alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba hesabu haina hasira.

Hesabu haina, kweli. Wenye hasira ni watu, na hapa mtu mwingine angerusha kiti dirishani. Chapu hakukirusha, kwa sababu alijua kikitua chini naye atajikuta chini, bado amekikalia.

Akazoea kuoga kwenye choo cha ofisi kwa ndoo. Mlinzi alimnunulia sabuni na mkate. Wateja walimzoea upesi. Wengine walifurahi, maana sasa ofisi ilikuwa na mtu hata sikukuu. Walimuuliza kama stika inawasha, akasema haiwashi. Aliijaribu kwa maji moto, kwa mafuta ya taa, kwa kisu cha kukatia karatasi. Ngozi ilitoka damu, stika haikutoka.

Alipoona siku zinapita na simu za nyumbani zinazidi kuwa fupi, alimpigia wakala wa programu ile, ambaye namba yake iko kwenye boksi, na wakala akamleta mkaguzi. Alikuwa mwanamke mwenye viatu visafi na tochi ndogo. Alimwinamisha Chapu kichwa, akamulika shingo, akalinganisha namba, akaridhika. Alisema ofisi nyingi ni za wezi. Wanabandua stika huku, wanabandika kule, programu moja wanailisha mashine tano. Alifurahi kuona mahali ambapo masharti yamefuatwa.

"Mimi ni mtu," Chapu alimwambia.

Mkaguzi akasema hilo hana ubishi nalo. Lakini masharti hayasemi kifaa kisiwe mtu. Yanasema kisitenganishwe.

Chapu akauliza atatokaje. Mkaguzi akamjibu vizuri tu, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye malezi: bosi alipe tofauti iliyobaki kufikia bei kamili, na siku hiyo hiyo stika itadondoka yenyewe. Chapu akauliza kama anaweza kuilipa yeye, kutoka mshahara wake. Hapana, akaambiwa. Mwenye haki ni mnunuzi. Kifaa hakijinunulii leseni. Mkaguzi akazima tochi, akamuaga bosi kwa kumpa mkono, na Chapu kwa kumtikisia kichwa tu.

Bosi alisema atalifikiria. Kila alipokumbushwa alikuwa bado analifikiria. Mtu anaweza kulifikiria jambo la mwenzake mpaka mwenzake akaota mvi, na wala kichwa kisimuume.

Ndipo mdogo wake alipokuja. Alishuka kwenye basi na vumbi la saruji bado lipo kwenye nyusi zake, akapanda ngazi bila kuuliza ofisi iko wapi, akamkuta dada yake anachapa. Hawakukumbatiana, maana alikuwa katikati ya ukurasa na bosi alikuwa anatazama. Mdogo mtu akangoja ukurasa uishe, akachuchumaa, akamwambia dada yake apande mgongoni. Akambeba kama walivyokuwa wakibebana utotoni, akashuka naye, akapita mbele ya mlinzi. Alipovuka geti mgongo ulikuwa mwepesi. Akasimama barabarani kitambo, mikono bado kaikunja kwa nyuma kana kwamba kuna mtu. Halafu akarudi juu.

Alimwambia bosi kwamba mama anakufa. Bosi akasema pole. Alimwambia yeye yuko tayari kuilipa tofauti yote, ameshauza pikipiki yake, fedha ziko hapa. Bosi akazitazama zile fedha. Akasema si suala la fedha, ni suala la msimamo: leo akilipa bei kamili kwa kitu kimoja, hata kama fedha ni za mtu mwingine, kesho watu watazoea kumdai bei kamili kwa kila kitu. Mwashi alikuwa na mikono ambayo ingeweza kuivunja ile meza, na shingo iliyo nyuma yake pia. Aliiweka mfukoni, kwa sababu dada yake alimtikisia kichwa.

"Na mashine yenyewe ikihama?" aliuliza.

Bosi akasema mashine haihami ila kwa kazi. Kazi ilikuwepo. Kampuni moja ya ulinzi ilitaka mikataba ya walinzi wake wote kufikia Jumatatu, na kipengele cha saba kilikuwa kimebadilishwa, kwa hiyo kila mkataba uchapwe upya. Bosi akatafakari, na safari hii hakuchukua muda. Wanaweza kuichukua mashine mpaka Jumatatu. Mikataba irudi imekamilika. Gari watafute wenyewe.

Mwashi akamtafuta jamaa anayebeba mchanga kwa pikapu. Wakaifunga kompyuta kwa blanketi, wakaiweka mapajani mwa Chapu, nyuma, juu ya chembe za mchanga. Walipofika getini akafumba macho. Alipoyafumbua, duka la viatu lililo ng'ambo ya barabara lilikuwa linarudi nyuma, na mlinzi alikuwa ameinua mkono akiwatakia safari njema yeye na mashine. Chapu akalia njia nzima, si kwa furaha. Alikuwa anawaza jinsi lilivyokuwa jambo dogo, kuvuka geti, na jinsi mtu mmoja alivyolikalia kama kuku wa kuatamia.

Chumba cha mama kilikuwa chembamba, na soketi ilikuwa moja, kwenye ukuta uliokabili kitanda. Meza ikawekwa pale. Kati ya meza na kitanda ilibaki nafasi ya kigoda kimoja, na aliyekikalia lazima ampe mgonjwa mgongo. Mama alikuwa amekwisha, mifupa na macho. Alimtazama binti yake, akaitazama mashine, akauliza kama na huyu mgeni atalala humu humu. Akaambiwa ndiyo.

"Basi karibuni nyote," alisema.

Hakuona ajabu. Alisema hata baba yao, alipokuwa akirudi kutoka kiwanda cha magunia, alikuwa anarudi nacho. Mngurumo wa mitambo ulilala katikati yao kitandani miaka yote ya ndoa, na alipozikwa uliondoka naye, yeye akakosa usingizi kwa ukimya. Tofauti ni kwamba baba yao hakubandikwa kitu. Siku zile waliaminiana zaidi.

Jumamosi asubuhi Chapu alimsuka. Alizichambua nywele nyeupe taratibu, akazipaka mafuta, akasuka mistari myembamba iliyolala, kama mama alivyomsuka yeye enzi za shule, na mama akaomba kioo, akajitazama ubavu huu na huu, akasema sasa anafanana na mtu. Kisha akacheka, akasema mwanawe wa kiume alimjaribu wiki iliyopita, akatoka kama ukuta usiopigwa lipu. Mwashi alikuwa mlangoni, akasikia, naye akacheka. Huo ulikuwa wakati mzuri. Haukufika saa sita.

Saa sita bosi alipiga simu kuuliza kurasa zimefika wapi. Chapu akageukia ukuta, akaanza kuchapa. Alichapa mchana wote, na Jumapili akaamka akachapa, na mama akawa amelala ubavu nyuma yake, anausikiliza mlio wa vitufe. Jumapili hiyo, jua likiwa limesogea dirishani, aliuliza mwanawe anaandika nini. Chapu akamsomea kipengele cha saba, kwamba mlinzi hataondoka kwenye lindo lake kwa sababu yoyote ile, ukiwemo ugonjwa au msiba wa mzazi, bila idhini ya maandishi ya mwajiri.

"Na wewe ndiye unayeyaandika hayo?"

"Ndimi, mama."

Chapu akausikia mkono wa mama shingoni, mkavu, mwepesi, ukitafuta. Kucha ikaipata pembe ya stika, ikaanza kuikwangua.

Alimwambia mama alale, asijichoshe, wameshajaribu maji moto na kisu na kila kitu. Mama akasema hivyo vyote havikuwa vimemzaa. Akaendelea. Alikwangua, akapumzika, akalowesha kidole kwa mate, akakwangua tena. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hawakuweka kipengele kinachosema mzazi awe na nguvu kwanza. Mwashi alileta mafuta ya moto kidogo kwenye kisahani, akayashika pale kitandani ili mama achovye. Na pale akaona. Pembe moja ya stika ilikuwa imeinuka. Si sana, kama ukucha wa mtoto, lakini imeinuka, na kwenye skrini maneno ya kipengele cha saba yakaanza kufifia.

"Inatoka," alisema mwashi.

"Nyamaza," alisema mama. "Na wewe mwanangu, usigeuke. Ukigeuka inanitoka mkononi."

Chapu hakugeuka. Akabaki anatazama ukuta na kuchapa, kwa kuwa mikono ikiwa juu ya vitufe shingo yake hutulia. Maneno yalififia, yakarudi, yakafifia. Alihisi ngozi ikiachia, hewa ikipita pale ambapo haikupita kwa muda mrefu. Alihisi geti linafunguka na haoni aibu kulisema hivyo. Kisha vidole vya mama vikaenda polepole. Kisha vikatulia, bado vimeshika ile pembe. Chapu akadhani anapumzika. Ulikuwa umebaki mkataba mmoja, na katika mkataba huo mistari miwili. Akaimaliza.

Mwashi ndiye aliyesema. Kisahani kilikuwa bado mkononi mwake. Chapu alipogeuka, mkono wa mama uliteleza ukaangukia shukani, na ile pembe ya stika ikalala chini yenyewe, taratibu, ikashika.

Mistari miwili. Hebu fikiria. Mtu anakufa nyuma ya mgongo wako, akikutoa wewe kwenye minyororo kwa kucha zake mwenyewe, nawe unamalizia mistari miwili ya kumzuia mlinzi asiende kumzika mamake. Si kwamba Chapu alikuwa na roho mbaya. Ndivyo alivyozoeshwa, na waliomzoesha walikuwa majumbani mwao wanakula chakula cha Jumapili.

Walimzika siku iliyofuata, nywele zake zikiwa nadhifu. Wanaume wanne walibeba jeneza na wawili wakabeba kompyuta, mmoja mashine na mwingine skrini, kwa kuwa bila hivyo binti wa marehemu asingefika makaburini. Majirani waliwapisha. Mzee mmoja alishauri skrini ifunikwe isiingie vumbi, ikafunikwa kwa shuka. Chapu alitupa udongo wake. Waliporudi nyumbani, wanawake walisogea kwenye mkeka wakampa nafasi, na mashine nayo wakaipa nafasi, ubavuni pake.

Bosi alipiga simu watu wakiwa bado wanakula chakula cha msibani. Alisema ameambiwa, anatoa pole nyingi, kazi ya Mungu haina makosa. Kisha akauliza mikataba inafika saa ngapi, maana leo ni Jumatatu.

Chapu akatoka na simu mpaka ukumbini, kwani zaidi ya hapo asingeweza.

"Nakaa matanga mpaka yaishe," alimwambia. "Na mashine inakaa na mimi. Na nakuchukia, bosi. Nakuchukia kwa moyo wangu wote. Mama yangu amekufa nimempa mgongo kwa ajili yako, na wewe tofauti ya bei uliletewa mezani ukaikataa."

Bosi hakukasirika. Alisema anaelewa, msiba ni msiba, mtu husema mengi.

"Lakini kipengele cha saba umekirekebisha?" aliuliza.

Chapu akamkatia. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumkatia mtu simu, na wanawake waliokuwa jikoni, ambao walisikia kila neno, wakamletea maji.

Siku ya pili ya matanga pikapu ilisimama mlangoni. Haikuwa ile ya mchanga. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye heshima. Alivua kofia, akatoa pole kwa kila aliyekaa mkekani, akapokea maji akanywa. Alisema ametumwa kuichukua kompyuta. Mwashi akasimama mlangoni, akaujaza mlango wote, akamwambia arudi alikotoka. Majirani wakaingilia. Mjadala ukawa mrefu na wa adabu. Wote walikubaliana kwamba dada huyu ameonewa, hakuna hata mmoja aliyesema vinginevyo. Wote pia walikubaliana kwamba mashine ni mali ya mwenye ofisi, na cha mtu ni cha mtu, na msiba usije ukageuka kesi ya wizi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, akasema mzee yule aliyefunikisha skrini. Lakini hakuna aliyejua haki ya huyu mnyonge inakaa kwa nani ili wakaichukue.

Mwishowe wakaamua dereva abebe mashine tu. Dada abaki mkekani, amalize matanga ya mama yake. Uamuzi ulimpendeza kila mtu. Kila mtu alijua pia utakavyokuwa, lakini ulikuwa uamuzi mzuri wa kutamka mbele ya wageni.

Dereva alibeba mashine, akarudi akabeba skrini, akarudi akabeba kibodi na kipanya. Chapu alikuwa amekaa, magoti kayakumbatia, na mwanamke wa kulia kwake na wa kushoto kwake walikuwa wamemshika mikono. Mdogo wake naye alimshika mabega kutoka nyuma. Walimshika kweli, walimshika kwa nguvu zao zote. Pikapu ikawaka, ikaondoka. Ilipofika mwisho wa uchochoro, wale wanawake wawili wakajikuta wameshikana wao kwa wao, na mwashi amekumbatia hewa. Mkeka ulikuwa bado una joto pale alipokuwa amekaa. Baada ya muda mfupi wanawake wakasogea, wakaijaza nafasi.

Mwashi akatoka mbio. Mlangoni akaona viatu vya dada yake, vile alivyovua, vikiwa vimepangwa pamoja na vya waombolezaji wengine, akaviokota bila kufikiri, akakimbia navyo. Barabara ilikuwa mbovu pale kwenye kona, pikapu ikapunguza mwendo, akaifikia. Chapu alikuwa amekaa nyuma, nguo za msiba mwilini, miguu mitupu, mashine mapajani. Alinyoosha mkono. Mdogo wake akainua viatu, akamwomba dereva asimame kidogo tu, amsubiri dada yake avae, huko anakokwenda sakafu ni ya baridi.

Dereva akasimama. Alitoa kichwa dirishani, akavitazama viatu, na uso wake ulionyesha kwamba jambo lenyewe halimfurahishi.

"Nimetumwa kompyuta na kilichouzwa nayo," alisema. "Viatu havikuuzwa nayo."

Akatia gia.